Mwalimu Dancille na Kilasi Yenye Haina wa Mwisho

Kama unapita Kalembe asubuhi na unasikia sauti ya mwanamuke inatoka ku masomo, ku shule yetu, mbaka ku mashamba ya ngambo, usiulize ni nani. Ni Mwalimu Dancille wa kilasi ya sita. Ni mufupi, akikaa ku meza yake utaona kitambaa ya kichwa tu, lakini sauti, ile Mungu alimupatia bila kupima. Miye ni Mama Bénédicte, nauzisha mandazi pembeni ya ukuta ya masomo, na madirisha yetu haina vioo, basi kila kitu anafundisha ninasikia. Bantu banasemaka ati nimesoma kilasi ya sita mara mingi kuliko muntu yeyote mu Masisi na Walikale. Baseme. Mandazi yangu banakula.

Dancille alizaliwa pale juu ku kilima, mutoto ya balimaji ba maharagi na mihogo, vile tuko sisi bote. Akaenda kusomea ualimu Masisi, akarudi, na mbaka leo akitoka ku masomo anakamata jembe. Wakati tulikimbia vita, bengine balibeba magodoro, yeye alibeba chaki na vitabu mu kitunga. Wakati wa kurudi, yeye njo alikuwa anatangulia: anafagia kilasi, anafukuza mbuzi za bantu, anagonga kengele, na sisi tukisikia ile kengele tunajua kama tunaweza kufungua milango. Kwa hiyo muntu akimusema Dancille mubaya mbele yangu, aende kutafuta mandazi fasi ingine.

Lakini alikuwa mukali. Ayi, mukali sana! Fimbo ilikuwa ku meza, na kilasi ilipangwa vile yeye mwenyewe alipangwa akiwa mutoto: benye akili mbele, benye kushindwa nyuma karibu na mulango. Kule nyuma njo alikuwa anakaa Cindy, mutoto ya Papa Édouard. Ukimuuliza Cindy hesabu, alikuwa anaangalia miguu yake mbaka unaona huruma.

Basi, Esdras akarudi. Esdras ni kijana ya hapa kwetu, alikuwa ameenda kufanya kazi Bisie, kule banachimbaka madini. Akarudi na televizio, na pano ya jua ya kuleta umeme, na kamashini kadogo ka kucheza kenye maneti mbili za kushika mu mikono. Akaweka vyote mu kibanda yenye marehemu baba yake alikuwa anawekea maharagi, pale kando ya barabara. Mwenye kutaka kucheza analeta avoka, ao yai, ao kuni. Mu ile michezo kulikuwa kamuntu kenye kukimbia, kanaruka, kanavuka mito juu ya miti yenye kutingishika. Kakianguka mu maji, unaanza tena. Kakivuka, unapanda nivo, ngazi ingine.

Eh Mungu wangu! Batoto balirukwa na akili. Unamutuma mutoto kuchota maji, unangoja mbaka moto inazimika. Ukienda kuangalia, unakuta bidoni za manjano zimepangwa mbele ya kibanda ya Esdras, mustari murefu, zote tupu, na benyewe bako ndani. Siku moja nilikuta bidoni yangu pia iko pale. Nilitukana ile televizio, na pano yake, na jua yenyewe yenye ilikuwa inaipatia nguvu. Ku kilasi ya sita sasa, mutoto mumoja anaumwa tumbo, mwingine anazika bibi yake mara ya pili. Bote bako kwa Esdras.

Ikafika proklamasio ya simestre ya kwanza, karibu na Krismasi. Kwetu proklamasio ni siku kubwa. Bazazi bote banakuja mu kiwanja ya masomo, na Direkta Byamungu anasoma majina kuanzia wa kwanza mbaka wa mwisho, na pointi ya kila mumoja. Wa kwanza tunamupigia vigelegele. Wa mwisho tunamupigia huuu, mbaka anakimbia kujificha nyuma ya mama yake. Hivyo njo desturi, na kusema kweli, bantu bengi banakuja kwa ajili ya ile huuu.

Ile siku, kilasi ya sita zaidi ya nusu balianguka, hawakufika makumi tano ku mia. Wa mwisho alikuwa Cindy. Huuu ikapanda mbaka ku kilima. Baba yake, Papa Édouard, njo prezidenti ya komite ya bazazi, muntu ya shamba kubwa na mudomo kubwa kupita shamba. Akasimama, macho mekundu.

"Mu jamaa yangu hatuzalake bajinga!" akasema. "Mwenye ameanguka hapa ni mwalimu. Direkta, sikia vizuri. Kama mwisho wa mwaka iko vile tena, komite itakuomba hii kilasi upatie mwalimu mwingine. Mama Dancille aende kulima, kule maharagi haiogope sauti yake."

Bantu bakacheka. Direkta akainamisha kichwa, akakubali. Miye nilimuona Dancille analia nyuma ya gala ya masomo, kitambaa ku macho. Ile kilasi njo ilikuwa maisha yake, hana ingine. Niliumia, na nilimukasirikia Papa Édouard mbaka sikumuuzia kitu ile juma yote.

Siku ya kwanza nyuma ya mapumziko, kilasi ilikuwa nusu tupu. Dancille akakamata fimbo.

"Mama Béné, twende."

Sikuuliza wapi. Nikafunika mandazi, nikakamata mwiko yangu ya mafuta, tukateremuka. Leo Esdras atanijua, nilisema.

Mu kibanda kulikuwa joto na harufu ya maharagi na miguu ya batoto. Balikuwa bamejazana mbaka hawakutuona. Maneti ilikuwa mu mukono ya Cindy. Kamuntu kake kakaruka, puu, mu maji. Nikangoja bale batoto bamupigie huuu. Hakuna! Mumoja akamuambia tu, "Umeruka mbele ya wakati. Ngoja muti uteremuke kwanza." Cindy akaanza tena. Puu. Akaanza tena. Hakuangalia miguu yake hata mara moja. Halafu akavuka, na kibanda yote ikapiga kelele ya furaha, hata benye hawakugusa maneti ile siku.

Kisha Cindy akapatia maneti mutoto mwingine, mwenye hajui kitu. Hakuenda. Akakaa pembeni yake na akaanza kumufundisha: fanya hivi, ngoja, sasa, ruka! Anasema, anasema, hanyamaze. Sauti ya Cindy! Miye nilikuwa sijaisikia tangu mwaka ianze.

Nikaangalia fimbo ya Dancille. Ilikuwa imeshuka chini. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa juu ya gunia. Batoto bakamuona, bengine bakaanza kutafuta dirisha. Akasema pole pole:

"Hapana, musikimbie. Munionyeshe namna banafanyaka."

Bakamupatia maneti. Puu. Puu. Alianguka mu ule muto mbaka nikachoka kuangalia.

"Dancille! Tumekuja kupiga ao kucheza?"

"Nyamaza, Mama Béné, nimekaribia."

"Mwalimu, haiko mubaya," Cindy akamuambia, na mukono yake juu ya mukono ya mwalimu. "Bote tunaangukaka pale. Rudia tu."

Tukapanda kurudi ku masomo. Fasi ya kilima akasimama, akanikamata mukono.

"Mama Béné, umeona? Kule anaanguka, banamuambia sababu gani ameanguka, na anarudia pale pale. Kwangu anaanguka mara moja, nangojea mbaka Krismasi, halafu jina yake inasomwa mbele ya kijiji na munamupigia huuu. Miye ningekuwa mutoto, ningeenda wapi?"

"Kwa Esdras," nikasema.

"Njo hivyo."

Tangu pale, ku dirisha yangu, nilianza kusikia mambo. Dancille alichora muto murefu ku ukuta muzima ya kilasi kwa makaa, na madaraja juu yake. Kila daraja ni aina moja ya hesabu: hapa kujumulisha, hapa sehemu, hapa kupima shamba. Ukipata, jina yako inavuka. Ukikosa, unaambiwa umekosea wapi, na unarudia ile ile siku. Mabenchi ya nyuma aliyasogeza mbele. Mwenye amevuka lazima akae na mwenye hajavuka, kwa maana hapo njo anajua kweli kama amevuka.

Usifikiri ilitembea tangu siku ya kwanza. Iliharibika! Aliniomba mandazi, ati atapatia mwenye kuvuka mbele ya bengine. Nikamupatia sahani muzima. Batoto balikopia, balipigana, mumoja akauma mwenzake sikio juu ya andazi. Dancille akanirudishia sahani. "Kwa Esdras hakuna zawadi," akasema. "Banavuka kwa kupenda kuvuka." Halafu daraja ya kwanza ilikuwa ngumu sana, juma moja hakuna mwenye kuvuka, na batoto bakaanza tena kuumwa matumbo. Cindy njo alienda kumuambia, na woga, anashikilia meza:

"Mwalimu, nivo ya kwanza kila muntu lazima apite. Ikiwa ngumu, muntu anaenda tu kuchota maji."

Zamani, mutoto angesema vile angekula fimbo. Dancille akakamata kitambaa, akafuta ile daraja, na akachora ingine chini kidogo. Hata kwa Esdras, Dancille alienda. Akamuambia, ukifungua kibanda kabla batoto batoke ku masomo, nitakuja kusimama hapa kila asubuhi na nitaimba nyimbo zote za kanisa. Esdras anajua ile sauti. Alikubali mbio.

Kelele ya ile kilasi sasa! Batoto banasimama, banabishana, banapiga meza. Papa Édouard akapita siku moja, akasikia, akaingia bila kubisha hodi.

"Mama Dancille, hii ni masomo ao ni soko? Ile uchawi ya Esdras umeileta mu kilasi bila hata televizio! Wahenga balisema: kosa si kosa, kurudia kosa njo kosa."

"Papa, na miye nasema hivyo," Dancille akamujibu. "Njo maana mwenye kukosa haendi kukaa nyuma na kosa yake. Anaishugulikia hapa, mbele yetu, mbaka inaisha."

"Tutaonana ku proklamasio."

"Tutaonana, Papa."

Alijibu na heshima, akarudi ku ukuta yake ya makaa. Lakini miye niliogopa. Kwa maana huwezi kujua. Batoto kufurahi ni kitu moja, na ekzame ni kitu ingine.

Ekzame ya mwisho Direkta Byamungu aliitunga yeye mwenyewe na akasahihisha yeye mwenyewe, hata Dancille hakuiona mbele. Siku ya proklamasio kiwanja ilijaa. Balitoka hata ku vilima vya mbali, maana bote balisikia ati leo Dancille atafukuzwa. Papa Édouard alikaa mbele na komite yake, buti zimepakwa mafuta. Dancille alisimama pembeni ya batoto bake, na kitambaa mupya.

Direkta akafungua karatasi. Akakohoa.

"Kilasi ya sita. Mwalimu ameniomba kitu, na nimekubali. Nitasoma majina kufuata A, B, C."

Akasoma. Makumi sita na tano ku mia. Makumi saba na mbili. Makumi tano na nane. Makumi nane na moja. Tunangoja mwenye kuanguka, hatokee. Cindy, makumi saba na ine. Mama yake akaweka mikono ku kichwa. Direkta akafika ku mwisho, akakunja karatasi.

"Na wa mwisho?" muntu akapiga kelele. "Wa mwisho ni nani?"

"Wa mwisho ku karatasi ni Valérie," Direkta akajibu, "kwa maana jina yake inaanza na V. Ana makumi saba na moja. Hakuna mwenye ameanguka."

 Bantu balikuja na huuu yao na hawakujua baiweke wapi. Miye nikafungua mudomo nipige vigelegele. Halafu Papa Édouard akaruka.

"Bamekopia! Huyu mutoto ni wangu, ninamujua! Cindy, kuya hapa. Direkta, leta ubao."

Bakatoa ubao inje, bakaiegemeza ku muti ya bendera. Cindy akasimama na chaki. Mutoto mudogo, kijiji muzima mbele yake, na baba yake pembeni anapumua. Nikaangalia Dancille. Alikuwa amefumba macho. Tulijua bote: huyu mutoto akishindwa sasa, pointi zote za karatasi ni bure, na kilasi imeenda.

"Sikia," Papa Édouard akasema. "Nimevuna magunia saba ya maharagi, kila gunia kilo mia. Kwanza natoa mbegu, sehemu moja ku tano, maana mbegu haitolewe zaka, mbegu ni ya udongo. Kisha, ku ile yenye kubakia, natoa zaka, sehemu moja ku kumi. Mu nyumba kunabakia kilo ngapi? Na hii sikuitoa mu kitabu, ninaifanya kila mavuno!"

Cindy akaandika. Mia saba. Mbegu, mia moja na makumi ine. Zaka, makumi saba. Akajumulisha, akatoa, akaandika chini: mia ine na makumi kenda.

"Ah!" Papa Édouard akasema, na uso yake ikafunguka bila yeye kupenda. "Njo hivyo. Njo hivyo kabisa!"

Lakini Cindy alikuwa anaangalia ubao. Akatingisha kichwa.

"Hapana, Papa. Nimekosa."

Akafuta na kiganja, mbele ya bantu bote. Huuu ikaanza kule nyuma, kadogo, inatafuta nguvu. Hakugeuka. Hakuangalia miguu. Akaandika tena pole pole, na anasema kwa sauti, mbaka bamama benye kuwa ku barabara balisikia.

"Mia saba, natoa mbegu mia moja na makumi ine, kunabakia mia tano na makumi sita. Umesema zaka inatoka ku yenye kubakia. Basi zaka ni makumi tano na sita, haiko makumi saba. Mu nyumba kunabakia mia tano na ine."

"Ulikuwa umepata na umeharibu!" Papa Édouard akapiga kelele. "Miye kila mwaka natoa makumi saba!"

Bantu bote bakaangalia Direkta. Direkta akavua miwani, akaipangusa, akaivaa.

"Mutoto amepata, prezidenti. Ni mia tano na ine."

"Kumbe njo maana pasta amenenepa!" nikasema, na mudomo yangu hainiombake ruhusa. Kiwanja ikapasuka. Hata pasta alicheka, tumbo inatingishika. Lakini Papa Édouard hakucheka. Alikuwa anaangalia ubao, anahesabu na vidole, anaanza, anapotea. Nilimuona muntu mukubwa anatafuta fasi ya kujificha, na hakuna.

Cindy akamusogelea, akamuwekea chaki mu mukono.

"Papa, kuya nikuonyeshe."

Wee! Hapo sasa huuu ilikuwa tayari ku kila mudomo, na ku yangu ya kwanza, maana ile deni ya kicheko nilikuwa nayo tangu Krismasi. Lakini batoto ba kilasi ya sita bakasimama bote, bakatugeukia, bakatuangalia. Batoto! Na sisi bakubwa tukafunga midomo.

Papa Édouard akaenda ku ubao na buti zake za mafuta. Akaandika mia saba, namba zimepinda. Akakosa ku sehemu ya tano. Cindy akamuonyesha wapi, akafuta, akaanza tena. Dancille alikuwa analia waziwazi, anacheka na analia, na hakujipangusa.

Direkta akakohoa. "Prezidenti, samahani. Kwa ile mambo ya kilasi ya sita, komite inasema nini?"

"Kilasi ni ya Mwalimu Dancille," Papa Édouard akajibu bila kugeuka, chaki ku ubao. "Na munyamaze kidogo, munanipoteza."

Tukanyamaza, kijiji muzima.